Kitana cha Mama Khadidja

Naanza na tumbo la Tajudini, kwa sababu bila tumbo lile mimi nisingegombana na mtu. Tajudini ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea hapa Jabe, mtaa wa Bujumbura, tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na sasa ni fundi wa pikipiki, mrefu kama nguzo ya umeme na mwembamba vilevile. Alikuwa anakula chakula cha watu wawili na hanenepi. Akishakula, tumbo linavimba na kunguruma mpaka wateja gereji wanageuka kutazama pikipiki gani imewashwa.

Tulihangaika naye, usiku anatapika nimemshika kichwa. Mmoja alisema ni minyoo. Mwingine alisema amerogwa, akadai kuku mweusi, na yule kuku alimla yeye mwenyewe. Mwishowe tukafika kwa daktari Népomuscène, kijana wa miwani. Akampima damu, akampitishia kamera kooni mpaka ndani, halafu akatuita na uso wa msiba.

"Ni maladie cœliaque," akasema. "Tumbo yake haipatani na ngano. Mukate apana, chapati apana, mandazi apana, sambusa apana. Hata chembe. Kwa maisha yote."

"Yoo, docteur! Sasa atakula nini?"

"Wali, ugali ya muhogo, maharagwe, ndizi, samaki ndogo za ndagala, mboga ya lengalenga."

"Si ndiyo tunakula kila siku?"

"Basi mushukuru Mungu, mama."

Tukamshukuru. Nikafukuza ngano nyumbani, nikasugua masufuria mpaka mikono ikachubuka, na baada ya muda mtoto akaota mashavu. Ningekuwa mtu wa raha zangu. Lakini mashavu yalipoota na mapenzi yakaota, na kati ya nyumba zote za Bujumbura, moyo wa Tajudini ukaenda kutua kwenye nyumba ya sambusa.

Khadidja ni binti wa Mwanvua, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Huyo Mwanvua, kwa sambusa, hana mpinzani tangu Jabe mpaka Kibenga, na hasubiri uambiwe na watu, anakwambia mwenyewe. Kingo za sambusa zake anazibana kwa kitana. Ni kitana cha jikoni, hakijawahi kuona kichwa, anakuapia kabla hujauliza. Jino moja la katikati limevunjika, kwa hiyo kila sambusa yake ina mistari mizuri, halafu pengo, halafu mistari tena. Ukiiona popote unaijua.

Kabla yetu, kijana mmoja aitwaye Aboubacar alikuja kumposa Khadidja, akakaribishwa sambusa, akaacha nusu sahanini. Mwanvua alimsindikiza mpaka getini.

"Mutu anaacha sambusa yangu," alisema, "kesho ataacha mutoto yangu."

Sasa unaelewa hofu yangu. Tulipeleka posa kabla ya Ramadhani, tukaambiwa jibu ni siku ya Idi. Pete ya fedha ya marehemu mama yangu, ya kumvisha Khadidja, nilikuwa nimeshaitoa kwenye kitambaa na kuisugua kwa majivu. Tajudini alitaka kusema ukweli wa tumbo lake. Nikamkataza.

"Ngoja mupate mutoto wa kwanza," nikamwambia. "Ndio utasema."

Siku ya kwanza ya mfungo, kabla ya magharibi, Khadidja akaingia na sahani ya bati yenye jogoo wa bluu, imejaa sambusa za moto.

"Mama amesema ni ya Tajudini," akasema macho chini, akaondoka.

Tukabaki tunatazamana na jogoo. Tajudini haruhusiwi. Mimi nina presha, mafuta nimekatazwa. Kutupa chakula mwezi mtukufu, astaghfirullah. Kupeleka msikitini haiwezekani, Mwanvua ana macho mpaka kwenye viatu vya imamu. Ndipo nikamkumbuka Orpha.

Orpha ni Mkongomani, mlokole, mwanamke wa moyo mweupe. Anauza samaki sokoni, anawafuata mpaka Gatumba. Nyumba yake iko upande wa pili wa kwetu, na yeye na Mwanvua hawakuwa na mazoea zaidi ya salamu. Nikampelekea sambusa zote kwa mlango wa nyuma, bila kumwambia zimepikwa na nani. Akazipokea kwa haleluya. Jogoo wa bluu nikamwosha, na kwa kuwa kwetu sahani ya jirani hairudi tupu hasa Ramadhani, nikamjaza vitumbua vyangu vya mchele, nikamrudisha kwa Mwanvua.

"Sambusa imeisha?" akauliza.

"Imeisha yote," nikasema. Na si uongo, zilikuwa zimeisha.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Mwanvua alifurahi, kesho yake akaongeza. Tukamaliza, akaongeza tena. Mtaa mzima ukasikia. "Mukwe yangu anakula! Ile ndio mwanaume!" Tajudini, maskini, alikuwa akizitazama sambusa zikitoka kwa mlango wa nyuma kama anayesindikiza ndugu uwanja wa ndege, halafu anarudi kwenye uji wake wa mchele. Kwa Orpha nako, Zénon, mumewe, alinenepa mpaka akapoteza shingo. Watoto wakiona kitambaa changu cha kufunikia sambusa wanajificha chini ya kitanda.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Orpha mwenyewe, akilia. Siku moja aliangalia sambusa zilivyolundikana akaona aibu. Hawa watu wamefunga, akawaza, mimi ndiyo ninashiba! Akajiuliza ni nani mtaani anayestahili kukumbukwa. Akamwona Mwanvua, mwanamke anayepikia kila mtu na hakuna anayempikia yeye. Akachukua sahani yake mpya ya maua, akazipanga vizuri, akazifunika kwa kitambaa, akaenda kumpelekea.

"Mama Khadidja," akamwambia, "mi niko mulokole, lakini nimesema leo na we upumzike. Onja ya wengine."

Mwanvua akafunua.

Sisi tulikuwa mkekani tunasubiri adhana. Akaingia bila hodi, sahani ya maua mkononi, Khadidja nyuma yake. Akanisogezea sambusa moja mpaka puani.

"Dada Mwantum. Hii meno ni ya nani?"

Nikaitazama. Mistari, pengo, mistari.

"Ya... ya kitana."

"Kitana ya nani?"

"Ya kwako."

"Sasa sambusa yangu imetembea namna gani mpaka kwa mulokole, halafu imerudi nyumbani?"

Adhana ikalia. Mwanvua akaweka sahani mbele ya Tajudini.

"Mulisema anakula. Bon, akule. Hapa. Mi nione."

Tajudini akamtazama Khadidja aliyesimama mlangoni anatafuna ncha ya mtandio. Akachukua sambusa. Akasema bismillahi. Akafungua kinywa, na mimi nikaiona miaka yote ile ya kumshika kichwa akitapika inarudi kupitia kinywa kile kile. Mkono wangu ulikuwa na mwiko. Sikufikiri. Nikapiga. Sambusa ikaruka juu, ikagonga ukuta, ikatumbukia kwenye uji.

"Unataka kuniulia mutoto!" nikapiga kelele.

Hilo neno, jamani. Katika mji huu usimwambie mtu hivyo na chakula chake kiko mbele yenu. Mwanvua akashika kifua.

"Mi? Mi naweka sumu?"

"Si sumu! Ni ngano!"

"Ngano yangu iko na nini?"

"Si ya kwako! Ni ngano yote!"

"Ngano yote ya dunia iko na sumu, na ni mutoto yako tu ndiye amejua?"

Tajudini akasimama katikati yetu. Akaeleza taratibu, daktari, kamera, chembe. Halafu akasema, "Mama, mi niliogopa. Aboubacar aliacha nusu ukamufukuza. Mi ningeacha zote."

Mwanvua akaitazama ile sambusa iliyozama kwenye uji.

"Hata ya nyama?" akauliza mwishowe.

"Nyama iko muzuri. Ni koti yake ndiyo inaniua."

Akachukua sahani, akatoka. Khadidja akamfuata huku anageuka nyuma.

Kuanzia hapo jogoo wa bluu hakuja tena. Niliumia, sitaficha. Nilimkasirikia daktari, nikamkasirikia Orpha, nikaikasirikia ngano yenyewe na aliyeipanda, na zaidi nilijikasirikia mimi na mdomo wangu. Tajudini, kwa huzuni, akarudi kuwa nguzo ya umeme. Ng'ambo ya ukuta tulisikia mafuta yakichacharika kila siku, vitu vikianguka, harufu ya kuungua, na Mwanvua akigombana na jiko. Nikasema basi, anampikia Aboubacar.

Siku mwezi wa Idi unatafutwa, kabla ya magharibi, Khadidja akaingia na jogoo wa bluu.

Sijawahi kuona sambusa mbaya kama zile. Moja imepasuka, nyingine imejikunja kama sikio, nyingine nyama yote imemwagika imebaki ganda. Na zimetoka kwa Mwanvua, mwanamke ambaye sambusa ikipinda kidogo haimpi hata mbuzi.

"Ni muhogo na muchele," Khadidja akasema. "Haishikani vizuri. Mama amesema mumusamehe. Sufuria ni mupya, mafuta ni mupya."

Nikachukua moja iliyo afadhali, nikaigeuza ukingoni. Mistari, mistari, mistari. Nikatafuta pengo, sikuliona. Meno yote yalikuwepo. Alikuwa amenunua kitana kipya, ili chembe ya ngano ya kile cha zamani isimguse mtoto wangu.

Nikakaa chini nikalia kama mjinga.

Adhana ilipolia Tajudini akatia moja kinywani. Ikavunjika kwa sauti ya kokoto.

"Ni muzuri?" Khadidja akauliza.

"Wallahi, ni ngumu," akasema, kwa sababu alikuwa bado na swaumu ya siku ile mwilini, na mwenye swaumu hasemi uongo. "Nipe ingine."

Akazimaliza zote, na ile iliyomwagika akaichokonoa kwa kidole.

Sahani ikabaki tupu. Nikaijaza vitumbua. Kwenye kile cha juu kabisa, kinene kuliko vyote, nikachomeka pete ya mama yangu, kisha nikampa Khadidja asiyejua kitu. Nikaenda kusimama karibu na ukuta, sikio limebandikwa.

Haikuchukua muda.

"We Mwantum!" ikatoka sauti ng'ambo. "Umeona kitana yangu iko na meno yote, sasa unataka kuvunja ya kwangu?"

Nikasikia pete ikigonga bati la sahani. Halafu Khadidja akapiga ukelele, na Mwanvua, kinywa bado kimejaa kitumbua, akapiga vigelegele.