Dakika Tano za Maghrib

Jumatatu ile ya Ramadhani, mwaka wa pili wa uhuru, mji mzima ulifungua kabla ya jua kuchwa, na mimi ndiye niliyeufungulisha.

Nilikuwa mwendesha injini katika kinu cha mafuta ya nazi, kusini kidogo ya Msambweni. Injini yetu ya dizeli ilizungusha visagio vya mbata, nazi zilizokaushwa, na umeme uliosalia tuliupeleka sokoni na msikitini. Mzungu aliyeiendesha kabla yangu alifunga virago mwezi wa uhuru, akasema tutaiua kabla ya wiki mbili. Miezi kumi na tatu ilipita, nayo inanguruma. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na juu ya mlango wa banda nilikuwa nimeandika kwa chaki, nikajitaja kwa jina:

*Hamsini naishika, haipandi haishuki,*
*Mji wote wamulika, Chirau hababaiki.*

Hamsini ni mizunguko ya umeme kwa kila sekunde. Injini ikilemewa, mizunguko hupungua. Ikipata nafuu, huzidi. Macho hayaoni tofauti hiyo, lakini saa ya umeme huiona, kwa sababu yenyewe hupima wakati kwa kuihesabu mizunguko hiyo. Saa ya msikitini, zawadi ya kinu siku ya uhuru, ilikuwa ya namna hiyo, na pacha yake ilining'inia bandani kwangu. Kila asubuhi visagio vikianza kazi, zote mbili zilibaki nyuma. Kila mchana nilizipima kwa milio ya redio, nikaongeza mwendo wa injini kidogo mpaka dakika zilizopotea zirudi. Hakuna aliyenifundisha. Nililigundua mwenyewe, na sikumwambia mtu.

Jumatatu hiyo mbata zilikuwa hazijakauka vizuri, visagio vikawa vizito, saa zikachelewa dakika tano. Baada ya adhuhuri nikaongeza mwendo. Nisilolijua ni kwamba Mzee Abdurahman, mtunza msikiti, alikuwa amekwisha kuitazama saa ya ukutani, akatazama saa yake ya mfukoni, akapanda ngazi na kuisogeza mishale mbele dakika tano. Yeye aliirekebisha saa, nami nikairekebisha tena, ikawa mbele kwa dakika tano.

Siku hiyo wingu lilikuwa zito. Mzee Abdurahman akaadhini kwa saa ya ukutani. Watu wakatia tende kinywani, wakanywa uji. Kisha wingu likafunuka upande wa magharibi, na jua likatuchungulia juu ya minazi, zima, jekundu, lisilo na haraka.

Mama yangu, Mwanaima, alikuwa na bakuli mkononi. Aliliweka chini polepole.

"Siku moja nitailipa baada ya Idi," alisema. "Wewe, maneno ya watu utayalipa kwa kitu gani?"

Asubuhi yake, alipokwisha kuirudisha saa nyuma dakika tano, Mzee Abdurahman alikuja bandani na wazee wawili wa kamati ya msikiti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akainua macho juu ya mlango, akasoma kwa sauti, herufi moja moja. "'Chirau hababaiki.' Alhamdulillahi. Wenzio tumebabaika mji mzima."

"Mzee, saa yangu ilikuwa sawa. Ni wewe uliyeigusa!"

"Niliigusa kwa kuwa ilikuwa imekosa! Ulitaka niadhini kwa saa iliyolala?"

"Ningeiamsha mimi. Huiamsha kila siku."

"Na nani alijua? Ulimwambia nani?"

Nilipandisha sauti. Bwana Katana, msimamizi wa kinu, alitoka ofisini kwake akaniamuru ninyamaze. Alikuwa mtu wa Malindi, mpole, lakini akikutazama bila kupepesa unajua mzaha umekwisha.

Walipoondoka alinikalisha juu ya pipa la mafuta.

"Kamati inataka uondoke kwenye injini. Nimewaambia wangoje. Alhamisi tunaunganisha na Watanzania. Umeme ukishika, nitakuwa na la kuwajibu. Usiposhika, nitaleta fundi kutoka Mombasa, na wewe utarudi kupakia mbata."

Kazi ya kupakia mbata niliifanya miaka minne. Harufu yake haitoki shingoni.

Huko kuunganisha kulikuwa hivi. Ng'ambo ya mpaka palikuwa na shamba la mkonge lenye injini kubwa mara tatu ya yetu. Mwaka mzima tulikuwa tumesimamisha nguzo na kuvuta nyaya, wao kutoka kwao na sisi kutoka kwetu, mpaka zikakutana. Injini mbili zikishikana, kisagio kizito kikianza hakitamlemea mmoja, na mmoja akiugua, mwingine atabeba. Mwendeshaji wao aliitwa Tembo, Mdigo kama mimi, aliyezaliwa upande wa Tanga. Sijawahi kumwona. Nilimjua kwa simu tu, na kwa matusi ya utani.

Alhamisi baada ya alasiri simu ililia.

"Alo! Wewe mla samaki, umeamka?"

"Nimeamka tangu alfajiri, mla mkonge. Washa."

Bwana Katana alisimama nyuma yangu. Mzee Abdurahman naye alikuja, akaketi juu ya gunia, fimbo kati ya magoti. Alikuja kushuhudia.

Kati ya umeme wa Tembo na wangu palikuwa na swichi kubwa, na juu yake taa tatu. Injini zikipishana, taa huwaka na kufifia. Zikienda pamoja, taa huzimika kabisa, na hapo ndipo unapofunga swichi. Ukifunga taa zikiwaka, unavunja mashine. Nilipunguza mwendo, nikaongeza unywele mmoja. Taa ziliwaka, zikafifia, polepole, polepole zaidi. Zikazimika. Nikafunga.

Bwana Katana akapiga kofi moja. Hakupiga la pili. Taa za banda zilianza kupumua, mara kali mara hafifu. Mshale wa kupimia umeme ukaenda kulia mpaka mwisho, ukarudi kushoto mpaka mwisho, kama pembea ya Idi. Swichi ikajifungua yenyewe kwa kishindo, na vumbi likaanguka kutoka darini.

Tulijaribu tena. Ikawa vile vile, kishindo kikubwa zaidi.

"Mbona wanivuta?" Tembo alifoka kwenye simu.

"Ndiwe unayenisukuma!"

"Injini yangu ikiona mwendo umepungua, naongeza mafuta. Naiweka sawa!"

"Na mimi naiweka sawa!"

Neno lilipotoka kinywani nililisikia. Niligeuka. Mzee Abdurahman alikuwa ananitazama, na nadhani tuliiona ngazi ile ile kwa wakati mmoja.

"Kumbe," alisema taratibu, "na hizi mashine kila moja ina Abdurahman wake."

Nilijua dawa. Ilikuwa nyepesi, na ilinichoma. Mmoja ashike hamsini, mwingine aufunge mkono wake wa mafuta, ule wenzo wa kuongeza mwendo, mahali pamoja, abebe mzigo aliopewa, asirekebishe kitu. Na injini ndogo haiwezi kuiongoza kubwa, itakauka koo. Miezi kumi na tatu nilikuwa nimeishika hamsini kwa mkono huu. Niliitazama chaki juu ya mlango.

"Chirau," alisema Bwana Katana. "Jua linashuka."

Nikainua simu.

"Tembo. Ongoza wewe."

Akauliza bila utani: "Na wewe?"

"Nafunga mkono wangu. Mwendo ni wako, na wakati pia. Sikiliza: saa ya msikiti wetu sasa itakuhesabu wewe. Kila mchana ipime saa ya umeme ya kwako kwa redio. Ikichelewa, ongeza mwendo mpaka ilipe. Ni wewe peke yako. Huku hakuna atakayeigusa."

"Nani alikufunza hilo?"

"Mimi mwenyewe. Sasa nakufunza wewe."

"Sawa, mwalimu."

Taa tatu zikawaka, zikafifia, zikazimika. Nikafunga swichi, kisha nikakaza skrubu ya mkono wa mafuta mpaka vidole vikaniuma. Mshale ulitikisika, ukatulia. Bwana Katana akaamuru visagio vyote vianzishwe kwa pamoja, jambo ambalo hatukuwahi kuthubutu kulifanya. Injini yangu haikugeuza hata sauti. Mzigo ulikwenda zake Tanzania.

Mzee Abdurahman alisimama, akaondoka bila kuaga. Nikamfuata msikitini. Alisimama mlangoni, saa ya ukutani nyuma yake, uso upande wa magharibi, ambako leo hapakuwa na wingu. Ukingo wa jua ulizama. Akageuka akaitazama saa, kisha ile yake ya mfukoni: zote kumi na mbili na dakika thelathini na saba.

"Ngazi nimewapa watu wa sokoni," alisema. "Wewe rudi kwenye injini yako. Kamati nitasema nayo mimi." Kisha akaadhini.

Niliporudi bandani na tende yangu, simu ilikuwa inalia.

"Nimeambiwa una shairi mlangoni," alisema Tembo. "Lifute."

"Silifuti ng'o."

"Basi nitie na mimi, mla samaki."

Nikachukua chaki, nikapanda juu ya pipa, nikaongeza mstari:

*Tembo mbele aishika, Chirau nyuma hachoki.*