Taarifa ya Mwaka ya Makoro

Nabintu hakupenda kuandika. Kutengeneza programu, sawa, angekaa kutwa nzima bila kukumbuka kula. Lakini kila Desemba ilibidi atoe taarifa: mwaka huu tumerekebisha nini, mwaka ujao tutafanya nini. Makoro, jina la mawe meusi ya volkano, ilikuwa sistemu ya kuendesha kompyuta aliyoiunda na binamu yake Zihindula. Ilikuwa ya bure, na ilifufua mashine kuukuu. Shule na vituo vya afya kutoka Goma hadi Rumangabo viliitumia, na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uliwekwa wazi, atakaye ausome.

Kabla ya kuandika alikuwa na desturi moja: kuijenga Makoro upya kutokana na msimbo ule wa wazi, kisha kuilinganisha na ile waliyogawiwa watu. Miaka yote zilifanana. Mwaka huu, mwaka waasi walipoingia mjini, hazikufanana.

Akarudia. Akarudia tena. Mwishowe akaipekua ile ya watu, akakuta kiprogramu ambacho kwenye msimbo hakimo. Kilikusanya majina yote yaliyoandikwa kwenye kompyuta na kuyatuma nje. Mama Donatille, muuguzi wa kituo cha afya cha Kibati, alikuwa ameandika humo kila kijana aliyetibiwa jeraha la risasi!

Na hakuna toleo linalotoka bila nywila. Nywila alikuwa nayo yeye, na mtu mwingine mmoja tu.

Loo, ujinga gani ule! Volkano ilipolipuka mwaka wa 2021 na mji ukaamriwa kuhama, Nabintu alikimbilia Sake na mama yake, Zihindula akabaki. Kwetu ukikimbia unamwachia funguo anayebaki. Akamwachia funguo, na kikaratasi chenye nywila, ili kazi isilale. Aliporudi alikuta kila kitu salama, hata kuku wamelishwa. Funguo alirudishiwa. Kikaratasi hakukidai. Utamdai vipi mtu aliyekulindia nyumba chini ya mlima unaowaka?

Alimkuta Zihindula mtaani Birere, kibandani kwake, akibadilisha kioo cha simu.

“Zihi, ni weye uliweka ile kitu ndani ya Makoro?”

Hata hakuuliza kitu gani. Hilo ndilo lililomchoma Nabintu kuliko yote.

“Yaya, dada yangu, wale waasi walikuja hapa mara tatu. Mutu iko na bunduki, utamwambia nini?”

“Ungeniambia miye!”

“Ungeifunga Makoro.”

“Ndiyo, ningeifunga!”

“Njo maana sikusema.”

“Na ile ofisi mupya wamekupa, ile bureau, nayo ni bunduki?”

Zihindula akaiinamia ile simu, akaendelea kukaza kioo. Nabintu alitaka kumzaba kofi. Alimpenda tangu utotoni, na alimchukia pale pale.

Akatoka, akampigia simu Mama Donatille azime mashine zote.

“Tangu lini?” muuguzi akauliza.

“Tangu mwezi wa tatu, mama.”

“Vijana wawili niliowatibu walichukuliwa mwezi wa tano,” Donatille akasema. “Hawajarudi. Tulimshuku mulinzi wetu, tukamufukuza.”

Nabintu alikaa kibarazani akaandika taarifa. Miaka mingine ilijaa kurasa sita. Safari hii aliandika kwamba Makoro imewauza watu wake, kwamba aliyefanya hivyo ni Zihindula, na kwamba yeye Nabintu ndiye aliyempa nywila. Chini ya mipango ya mwaka ujao akaandika: Hakuna. Ifuteni leo, mashine zote.

Akaituma kila mahali.

Jibu la kwanza lilitoka Rumangabo, kwa mwalimu mmoja ambaye hawajawahi kuonana naye. “Pole, dada. Sisi tunakuamini. Hatufuti, tutangoja urekebishe.”

Nabintu akaangua kilio, majirani wakatoka nje kuangalia. Machozi yakimdondoka juu ya simu, akamjibu: “Usiniamini, mwalimu. Nakusihi, futa.”