Kivuli cha Muasya Chafika Mlangoni

Asubuhi Nthoki alipoanza mafunzo wodini, mwaka wa 1983, Mwalimu Adhiambo aliwakusanya mafizio wageni, wanafunzi wa tiba ya viungo, kando ya sinki akawafundisha mambo ya kwanza: msalimie mgonjwa kabla ya kumgusa, simama upande wake uliolegea, na usimvute kamwe mkono wa upande huo, maana bega litateguka. Jambo la mwisho alilisema huku akikausha mikono. Mgonjwa akifika mlangoni kwa miguu yake, kitanda si chake tena.

Vitanda havikutosha. Wagonjwa walilala wawili wawili, kichwa kwa miguu, na wengine chini yao.

Nthoki alipewa Muasya, mchongaji vinyago wa mtaa wa Baba Dogo, aliyeangushwa na kiharusi akiwa anamchonga twiga shingo. Mkono wa kulia, ulioshika patasi, ulikuwa mzima. Wa kushoto, ulioshika mti, haukusikia tena. Muasya alitaka huo urudi kwanza. Miguu, alisema, angeisubiri, kwani mchongaji hufanya kazi ameketi.

Wodi haikuwa na kioo cha kumwonyesha mgonjwa jinsi alivyoinama. Kwa hiyo Nthoki alimkalisha ukingoni mwa kitanda, penye jua la dirishani, akamwambia atazame kivuli chake sakafuni na kukinyoosha. Muasya alijitahidi hadi jasho likamtoka. Kivuli kilielewa upesi zaidi. Kabla wiki haijaisha kilikuwa kinakaa wima wakati Muasya bado ameinamia kushoto, na Jumatatu kilisimama chenyewe, kikaenda hadi mlangoni na kurudi.

"Hicho kina haraka," Muasya alisema. "Kimemrithi mamangu."

Mgonjwa aliyelala naye aliuliza kama kingeweza kumletea maji.

Daktari alipopita, kivuli kilikuwa mlangoni, kimeegemea fremu. Alikitazama, akaandika kwamba Muasya aende nyumbani. Nthoki, ambaye hakuwahi kumkatiza mkubwa wake maneno, siku hiyo alimkatiza.

"Daktari, hicho ni kivuli chake. Mwenyewe hajasimama."

"Kimefika mlangoni?"

"Kimefika."

"Basi, sista. Nje kuna watu kwenye benchi."

"Niachie wiki mbili tu. Mkono umeanza kushika."

Daktari alikuwa ameshafika kitanda kingine. Mwalimu Adhiambo alimvuta Nthoki pembeni, akamwambia bila ukali kwamba alikuwa na haki, na kwamba asirudie.

Mbeti, mkewe Muasya, alikuja na mkokoteni wa kuazima. Nthoki akaanza kumwonyesha namna ya kumnyanyua mumewe, mikono kiunoni na mgongoni, lakini kabla hajafika kwenye bega, mtumishi alikuja kutandika kitanda. Muasya akalazwa mkokotenini. Kivuli kilitangulia kwa miguu, kikiwapungia waliokaa kwenye benchi.

Kadi ilisema arudi kila Alhamisi kwa mazoezi. Mbeti alikuwa kiwandani mchana kutwa na hapakuwa na mwingine wa kumsukuma Muasya, kwa hiyo kilikuja kivuli. Kilipanga foleni kama wengine. Kilifanya mazoezi vizuri, na Nthoki akafaulu mafunzo yake kwa sifa. Mwezi uliofuata vitanda vyote vilisogezwa upande wa dirisha, na mafizio wageni wakafundishwa mahali pa kumweka mgonjwa jua likichomoza.

Alhamisi moja kivuli kilipojipanga ukutani, bega la kushoto lilikuwa limeshuka, na chini ya mfupa palikuwa pamebonyea. Nthoki alijua kwamba nyumbani kuna mtu anamnyanyua Muasya kwa mkono ule. Aliomba ruhusa ya kwenda Baba Dogo. Alijibiwa kwamba kazi ya wodi huishia mlangoni.

Akarudi chumba cha mazoezi. Alikisalimia kivuli, akasimama upande wake uliolegea, akaweka viganja viwili chini ya bega na kulipandisha polepole, kama alivyofundishwa. Ukuta ulikuwa baridi. Kivuli kilivumilia hadi mwisho, kisha kikanyooka na kutoka mlangoni kwa miguu yake.