Turufu ya Bwera

"Turufu yenu nani?" aliuliza msimamizi wa ligi akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo. "Wenzenu wa Kasese wamekwisha taja. Kengele inakaribia."

Kocha Kosiya alifungua kinywa kumtaja Atukunda, msichana ambaye msimu mzima hakuna mwanamke aliyemfunga. Hata msimamizi alikuwa akilisubiri jina hilo. Lakini Tabisa, aliyekuwa ameinama akikaza kamba za viatu, alisema bila kuinua uso:

"Tupe sisi, afande. Mimi na Ayesiga."

Kosiya alikuwa amestaafu jeshini zamani, ila sauti ya kambi ilikuwa haijamtoka kooni. "Wewe! Simama. Sema tena."

Tabisa akasimama. "Atukunda atashinda tu, hata bila turufu. Afande, tupe sisi."

Katika Ligi ya Vinyoya ya Rwenzori, yaani ligi ya badminton, timu mbili zilipokutana zilicheza michezo mitano: wanaume wawili wawili, mwanamke kwa mwanamke, mwanaume kwa mwanaume, wanawake wawili wawili, na mwisho mchanganyiko, mwanaume na mwanamke kila upande. Kila mchezo ulikuwa na pointi yake. Turufu ilikuwa ndio mchezo ambao timu iliuwekea roho: ukiushinda unapata pointi mbili, ukishindwa unanyang'anywa moja katika zile ulizonazo. Wengi walilala mabingwa wakaamka mikono mitupu kwa sababu ya turufu.

Kosiya alimtazama Ayesiga, fundi magari wa Bwera mwenye mabega kama mlango. Ayesiga akacheka kidogo. "Kama dada amesema, mimi nitakataa namna gani?"

"Andika mchanganyiko," Kosiya akamwambia msimamizi, kisha akageuka kumtazama Tabisa. "Ukiniangusha, usirudi na gari yetu. Utatembea."

Tabisa alikuwa mchambuaji wa kahawa. Kutwa alikaa na wanawake wenzake juu ya turubai, ghalani Bwera, karibu na mpaka, lundo la kahawa mbele ya magoti, akitenga punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Mchambuaji mgeni huitazama kila punje. Tabisa alikuwa ameacha kutazama zamani. Vidole vilikwenda vyenyewe, vikikataa na kukubali, huku mdomo ukipiga soga. Ghala hilohilo ndilo lilikuwa uwanja wa timu: jioni magunia yalisukumwa ukutani, wavu ukafungwa, na vumbi la maganda likawakohoza mpaka mchezo wa pili.

Zamani alichezea Kasese. Alikuwapo tangu mwanzo, wakati ligi haijawa ligi, wakati wafanyakazi wa saruji waliotoka Kenya walipofunga kamba ya kuanikia nguo katika ukumbi wa Bulembia na kuwaita majirani. Kanisa likaleta timu, soko likaleta timu, watu wa Kinyamaseke na Kisinga wakaja. Halafu wafanyabiashara wakazinunua timu, wachezaji wakaanza kulipwa, na kukazuka mnada: kila mwanzo wa msimu mchezaji alipandishwa jukwaani na wenye timu wakainua mikono kumtaka.

Mwaka huu Tabisa alipanda jukwaani, na hakuna mkono ulioinuka. Alisimama pale kama ng'ombe mwenye kidonda siku ya gulio, akiwatazama watu wa Kasese, timu yake ya miaka yote, nao wakiangalia viatu vyao. Walikuwa wamekwisha kumnunua Shallon, kijana, mrefu, mwepesi. "Mama huyu wavuni yuko sawa," mmoja alisema, akidhani hasikiki, "lakini mupeleke nyuma, amekwisha." Bwera walimchukua katika raundi ya masalia. Sasa wafanyabiashara wa kahawa waliokuwa wakiigharamia Bwera nao walikuwa wamesema wazi: bila kikombe, mwakani hakuna timu.

Fainali ilianza ukumbini Kasese, mvua ikipiga mabati. Kasese walishinda wanaume wawili wawili. Atukunda akasawazisha, kama Tabisa alivyosema. Kisha Byaruhanga, nahodha wa Kasese, akaingia na turufu yao, akaishinda kama mtu anayefagia uani kwake. Kasese tatu, Bwera moja. Wanawake wawili wawili wa Bwera wakapigana mpaka wakapata pointi ya pili. Sasa hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa mlevi: wakishinda mchanganyiko, wanapata mbili na kikombe ni chao. Wakishindwa, wanarudi nyumbani na aibu.

Ng'ambo ya wavu walisimama Byaruhanga na Shallon.

Hawakuficha nia yao. Kila kinyoya kilipigwa juu, mbali, nyuma ya Tabisa. Naye akakimbia. Alirudi nyuma, akapiga kidhaifu, Byaruhanga akashusha kombora. Alirudi tena, akagongana na Ayesiga, raketi zikalia. Seti ya kwanza iliisha kabla jasho halijamkauka Byaruhanga kutoka mchezo wake uliotangulia. Mashabiki wa Kasese wakaimba: "Mupeleke nyuma! Mupeleke nyuma!"

Walipokwenda kunywa maji, Kosiya alimfokea. "Unakimbia nini? Adui anakuambia kimbia, na wewe unakimbia?"

Tabisa alipangusa uso kwa taulo yake. Kutoka jukwaani alisikia sauti ya Saudah, mwenzake wa turubai moja, aliyekuja na wachambuaji wote wa ghala: "Tabisa! Weye iko mutu ya mbele! Nyuma iko nini?"

Akamgeukia Ayesiga. "Ndugu yangu, mimi sirudi tena nyuma. Nakaa wavuni. Huko nyuma kote ni kwako."

"Kote?"

"Kote."

Ayesiga alinyanyua chupa, akajimwagia maji kichwani. "Sawa, dada. Basi hapo mbele pasipite hata nzi."

Hapakupita. Tabisa alikita miguu karibu na wavu, raketi juu, na kitu ndani yake kikatulia. Hakuvitazama vinyoya. Mkono ulikwenda wenyewe, ukikataa hiki, ukikiua kile, ukikisukuma kingine kwenye kona ambayo Shallon alikuwa ametoka. Nyuma yake alimsikia Ayesiga akikimbia kulia, kushoto, akihema kama mvukuto, na hakugeuka hata mara moja kuhakikisha kama yupo. Seti ya pili ikawa yao. Wachambuaji wa kahawa walipiga vigelegele hadi mvua ikasahaulika.

Seti ya tatu ilivutana kama kamba. Kasese moja, Bwera moja. Ayesiga alianza kuchoka. Makombora yake yakawa makofi. Kumi na tatu kwa kumi na tatu. Kumi na nne kwa kumi na nne. Na kwa sheria ya ligi hiyo, wakifika hapo hakuna kuongezewa: anayepata pointi inayofuata ndiye mshindi.

Ukumbi mzima ukasimama.

Byaruhanga alianzisha kwa upole. Tabisa akakirudisha. Shallon akasukuma, Ayesiga akazuia, Byaruhanga akapiga, Tabisa akakigusa kidogo tu kikadondokea ukingoni mwa wavu, na Shallon, kwa wepesi wake wote, akakifikia karibu na sakafu. Alikinyanyua juu. Juu sana, mbali, nyuma kabisa. Na hapo Tabisa akasikia kishindo na sauti ya mtu akimeza uchungu: Ayesiga ameteleza, yuko chini.

Nyuma hapakuwa na mtu.

Hakukumbuka baadaye kama aliamua. Aligeuka, akaupa wavu mgongo, akakimbilia kule ambako mwaka mzima walisema amekwisha. Kinyoya kilikuwa kinashuka polepole, cheupe chini ya taa. Alikinyooshea mkono kutoka ubavuni, akakipiga kwa mgongo wa raketi, kifundo cha mkono kikipinduka mara moja, haraka, kama anavyotupa punje mbovu nyuma ya bega bila kukatiza soga. Kisha akajikwaa, akaugonga ukuta kwa viganja vyote viwili.

Hakukiona kilipoangukia. Alisikia Shallon akipaza sauti, "Wacha! Iko nje!" Akageuka.

Kinyoya kilikuwa kimelala juu ya mstari wa nyuma, kichwa chake chote juu ya rangi nyeupe. Mwamuzi wa mstari alinyoosha mkono chini: ndani.

Kelele ilimfikia kabla hajaelewa. Ayesiga alitambaa, kisha akainuka, akambeba Tabisa mabegani kama gunia, akamtua. Kosiya alimpigia saluti kamili, visigino pamoja, halafu akashindwa kuendelea na uaskari wake, akaificha sura katika kofia. Shallon alipita chini ya wavu, akamshika Tabisa mkono kwa mikono yake miwili na kuchuchumaa kidogo, kama mtu anavyomwamkia mama yake.

"Mama, nilikiona kinatoka."

"Hata mimi ningekiacha, mwanangu."

Kule jukwaani wenye timu ya Kasese walikuwa wakinong'onezana na kumtazama. Tabisa aliwaona. Hakuangalia viatu vyake.

Mvua ilikuwa imekatika pikapu ya timu ilipoanza safari ya Bwera. Walipofika Kinyamaseke hawakuweza kupita. Habari zilikuwa zimewatangulia kwa simu; barabara ilijaa watu, ngoma, matawi, boda boda zikipiga honi. Walimteremsha Tabisa, wakamzungusha, wakamkalisha kwenye benchi mbele ya duka ili kila mtu amwone. Mwanamke mmoja asiyemjua, mgongo wake ukiwa tayari umeanza kucheza, alitazama huku na huku akitafuta pa kumweka mtoto wake. Akamfungua kwenye kanga, akampakatisha Tabisa.

"Nishikie kidogo, mama," alisema, akatumbukia ndani ya duara.

Mtoto alikuwa mzito, wa moto, amelala fofofo katikati ya kelele yote ile. Tabisa alikaa bila kutikisika, kikombe kikiwa kimesahaulika juu ya benchi, mkono wake umefunguka chini ya kile kichwa kidogo, akisikiliza pumzi.