Wino wa Sikio

Nimepamba keki miaka kumi na tisa. Neno "hongera" nimeliandika kwa krimu mara nyingi kuliko nilivyowahi kuambiwa. Kisha duka likaungua, mume akaona moshi ndiyo nafasi yake, akapotelea humohumo. Nikabaki na mkono mwepesi na wifi. Huyu wifi ni dada wa huyo mkimbizi, lakini alikataa kuondoka na kaka yake. "Aliyekuacha ni yeye," aliniambia, "mimi na wewe hatujagombana." Mtu akikuambia hasara haina faida, mlete kwangu.

Wifi ni mhandisi. Anatunza mashine inayochapa nyama hai. Usiogope, haichapi mtu mzima, inachapa masikio. Ni kazi ya keki tu: bomba la sindano, mdomo mwembamba, na mkono wa chuma unaokwenda huku na huko ukilaza uzi juu ya uzi mpaka umbo lisimame. Tofauti iko kwenye wino. Wino wetu ni jelatini, unga wa mwani, maji yenye chumvi kidogo, na seli hai. Ukiwa mzito mno, seli zinabanwa mdomoni na kufa. Ukiwa mwepesi, sikio linalala chali kama keki iliyotolewa jikoni kabla haijaiva. Hapo katikati ndipo walipokuwa wameshindwa mwaka mzima, hadi wifi akamwambia mkuu wake, Profesa: "Nina mtu. Shule hakufika mbali, lakini krimu inamtii."

Nikapewa miezi mitatu ya majaribio. Miwili na nusu ilikwenda raha mustarehe. Halafu wino ukanigeuka. Ukawa unatoka na madonge kama macho ya samaki, unaziba mdomo wa mashine, na seli zinafia ndani. Ilitokea mara mbili. Kila mara Profesa alifungua daftari la maabara na kuandika, kwa mwandiko wake mzuri wa kadi za harusi: *Kosa la mchanganyaji.*

Mchanganyaji ndiye mimi.

"Leo ni mara ya tatu," aliniambia asubuhi ya siku ya mwisho, akifunga vifungo vya koti jeupe mpaka kile cha shingoni. "Ikiziba tutaagana. Sina kinyongo nawe."

"Hata mimi sina, Profesa. Na pa kwenda pia sina, ila hilo halimo daftarini."

Wifi akanikanyaga mguu.

Ilikuwa imebaki chupa moja tu ya seli, ndogo kama kidole cha mwisho. Tulikuwa tumekwisha kuiamsha kutoka kwenye baridi kali, na ilipaswa iwe ndani ya wino kabla ya saa sita. Tukakubaliana nichanganye kwanza wino mtupu, usio na seli, tuone. Nikapima, nikakoroga, nikavuta kwenye bomba. Madonge yakanichungulia kama yananijua.

"Hukukoroga vizuri, wifi," alisema wifi.

"Nimekoroga mpaka bega linaomba likizo."

"Basi ni joto."

"Joto ni nyuzi thelathini na saba, sawasawa na kwapa lako. Unataka nipime tena?"

"Mimi sikukuleta hapa uje kuniaibisha."

Hakuwa anatania aliposema hivyo. Nikaenda jikoni, kile chumba chembamba mwisho wa korido chenye sinki na birika la umeme, ninywe chai ya kuagia.

Nilipofunua birika nikaona ndani kuna ukoko mweupe, mnene kama ganda la yai. Kando yake ilisimama ile chupa kubwa ya plastiki ninayochotea maji ya wino, iliyoandikwa MAJI YA MAABARA, na faneli imechomekwa mdomoni. Nikajiuliza hivi viwili vimejuana lini.

"Samahani, naomba nipite." Alikuwa Profesa. Akachukua birika, akagusa ubavu wake kuona kama limepoa, akamimina maji yote kwenye chupa.

"Profesa, ndivyo tunavyofanya?"

"Mashine ya kusafisha maji imekufa wiki mbili sasa. Tukimsubiri fundi, kazi italala. Nachemsha mwenyewe." Akanionyesha vidole viwili. "Mara mbili!" Alikuwa na uso wa bwana aliyeosha vyombo kwa mara ya kwanza na anataka majirani wajue.

Wiki mbili. Nusu mwezi. Tumbo langu likaanza kucheka kabla yangu.

Unga wa mwani una tabia moja: ukikutana na chokaa, unaganda papo hapo. Ndiyo maana sikio likishachapwa tunalimwagia maji ya chokaa ili lishikane. Sasa maji ya bomba ya mtaa wetu yamejaa chokaa, na moto unaua vijidudu tu; chokaa kidogo inaganda birikani, nyingine haijali. Wino wangu ulikuwa unaganda bakulini, kabla hata haujajua unakwenda kuwa sikio.

Lakini kumwambia mwenye rungu kwamba kaangukiwa na rungu lake mwenyewe kunataka adabu. Nikamtuma wifi mbio duka la dawa la hospitali, ng'ambo ya ua, alete maji ya kuchanganyia sindano. Nikapanga glasi mbili mezani, moja ya maji hayo, moja ya birika.

"Profesa, nisaidie kuangalia. Macho yangu ni ya keki, hayaaminiki."

Nikakoroga wino mpya kidogo kwa yale maji ya sindano, nikadondosha tone lake katika kila glasi. La kwanza likatanuka, likayeyuka, likaenda zake. La pili likajikunja likawa ushanga, likazama na kutulia chini.

Profesa aliutazama ule ushanga mpaka miwani ikashuka puani.

"Na hili nimekufundisha mimi," alisema taratibu.

"Ubaoni," wifi akaongeza, maana kunyamaza hakumo katika fani yake. "Kwa chaki za rangi."

Saa sita kasorobo seli zilikuwa ndani ya wino mpya, laini, unaovutika kama asali. Mashine ikalaza uzi juu ya uzi kwa dakika arobaini. Sikuvuta pumzi zaidi ya mara tatu. Likatokea sikio dogo la kumtosha mtoto mchanga, limekunjamana ndani vilevile kama la kuzaliwa nalo.

Kesho yake tukaliweka chini ya hadubini. Seli tisa kati ya kumi zilikuwa hai. Wifi akanikumbatia na glavu zake mikononi, akaninong'oneza, "Nisamehe ya jana." Nikamwambia ya jana yameziba mdomoni.

Profesa akafungua daftari. Kalamu ikasimama juu ya ile mistari miwili.

"Andika birika," nikamsaidia. "Halina mke wala watoto, halitaumia."

Akatabasamu, mara ya kwanza kumwona meno. Akaikata mistari yote miwili na kuandika juu yake: *Kosa la mkuu wa maabara.* Chini yake akaongeza: *Mchanganyaji anabaki.* Kisha akalichukua birika, akakunja mikono ya koti, akaelekea sinki.

"Tia siki, uache lilale!" nikampigia kelele koridoni. "Usitumie nguvu! Na usiogope, Profesa, nakupa miezi mitatu ya majaribio."