Diski ya Pili

Jumanne asubuhi Felista alikwenda dukani kwa Gervas kuchagua kisanduku cha kuhifadhia nakala. Ofisi yao ya kupima mashamba, vyumba viwili tu pale Kilakala, ilikuwa imepoteza ramani za miezi mitatu umeme ulipokatika na kompyuta ikagoma kuwaka.

"Cha diski moja sikuuzii, dada," alisema Gervas. "Ikifa utakuja kunililia hapa. Cha diski nne ni cha mabenki. Nyie mna mashamba mangapi?"

"Mia sita na kumi, yote ya mlimani."

"Basi chukua cha diski mbili. Unakiunganisha na mtandao wa ofisi, kompyuta zote zinatuma nakala humo. Kinachoandikwa diski ya kwanza kinaandikwa na ya pili, vilevile."

Felista alichukua hicho, akakipanga kinakili kila siku saa kumi jioni.

Siku ile ile, saa kumi kamili, waliingia wanawake kumi na wawili. Walikuwa wameshakufa, wengine tangu enzi za Mjerumani, na nyayo zao zilikuwa na udongo mbichi. Felista aliwaamkia. Waliitikia marahaba, wakapanga foleni mbele ya kisanduku. Kila mmoja aligusa taa ya diski ya pili kwa kidole, akataja jina, akampisha mwenzake. Walipoondoka, Felista alifagia.

Jumatano foleni ilifika getini. Alhamisi alimwita Gervas, naye akazipima diski zote mbili.

"Nzima kabisa. Ila hizi haziigani, dada. Zinabishana."

Kwenye diski ya kwanza, shamba la karoti lililo juu ya kijito lilikuwa la Lukasi. Kwenye ya pili lilikuwa la Martina, na chini yake jina la mama yake, na la bibi yake mzaa mama.

Felista alijua ilivyotokea. Kule mlimani shamba hufuata ukoo wa mama. Lakini majina yaliorodheshwa Jumamosi, siku ambayo wanawake huteremka sokoni na mboga. Wapimaji walikuta wanaume, wakaandika wanaume. Martina ni mjane. Shemeji yake, Lukasi, alikuwepo, akaandikwa yeye. Sasa Lukasi ameshapata mtu wa kulinunua shamba ajenge nyumba ya wageni. Anasubiri hati tu.

Felista alichapa karatasi mbili, moja ya kila diski, akampelekea mkuu wa ofisi, mzee Alois. Alois alisoma, akakunja miguu kumpisha bibi mmoja aliyekuwa akienda kwenye foleni.

"Hii ya pili ndiyo sahihi," alisema. "Hata marehemu mama nilimwona jana, hakunisemesha."

"Kwa hiyo tuchape hii, mzee?"

"Hati zinachapwa kutoka diski ya kwanza, mwanangu. Ya pili ni akiba. Kwani ya kwanza imekufa?"

"Haijafa."

"Basi."

Ijumaa hati zikachapwa. Saa kumi jioni Martina aliingia na tenga lake tupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Imetoka?"

"Imetoka, mama. Ina jina la Lukasi."

Felista alimgeuzia kioo cha kompyuta, akamwonyesha diski ya pili. Martina alilisoma jina lake polepole, kisha la mama yake.

"Mmeliandika vizuri."

"Kaandika mama yako mwenyewe."

Mama yake alikuwa wa tatu kwenye foleni, anafuta kidole kwenye kanga. Martina alimwamkia, kisha akamgeukia Felista.

"Mnunuzi anakuja lini?"

"Jumatatu."

"Basi karoti nazing'oa kesho, changa hivyohivyo."

Zamu ya mama yake ikafika. Akagusa taa, akataja jina la bintiye, akalichukua tenga na kuuliza kama lile jembe dogo bado lipo.

"Limekatika mpini, mama," alisema Martina. "Tutang'oa kwa mikono."

Wakatoka pamoja, wawahi kupanda mlima kabla mvua haijaanza.