Anwani Isiyohama

Fundi wa kompyuta hakuficha dharau yake kwa shemeji yake. Mwanamume huyo alimuoa dada yake, akajiita Profesa, na watu wakaitika, ingawa hajawahi kumfundisha mtu hata kufunga kamba za viatu.

Sasa meneja wa kiwanda cha kutia nyuzi rangi alikuwa amemwita Profesa, si yeye; yeye alikuja bila kuitwa. Kompyuta kuukuu inayosimamia joto la mapipa ilikuwa imeungua kipande cha kumbukumbu, na programu ilibidi ihamishiwe kwenye kipande kilichosalia. Fundi ndiye aliyeiandika programu ile miaka thelathini nyuma, kwa asembli, lugha ya mashine yenyewe, amri moja baada ya nyingine, Profesa akiwa bado anadhani kompyuta ni aina ya televisheni.

"Kazi ndogo hii, shemeji," Profesa alisema, amejitandaza kwenye kiti alichokikalia fundi miaka yote. "Nimeweka jedwali jipya la joto. Amri zangu zinalisoma moja kwa moja, kwenye kumbukumbu, anwani elfu mbili na mia moja. Mimi sibahatishi."

"Na programu ikihama?"

"Jedwali ni jedwali tu."

Fundi alimtazama kama anayetazama nzi kwenye chai. "Mwanzo wa programu unauweka kwenye rejista, kile kijisanduku cha namba ndani ya kichakataji," alisema polepole, kama kwa mgonjwa. "Kila kitu unakihesabu kutoka hapo. Jedwali liko nafasi mia moja mbele ya mwanzo, basi. Ukiihamishia popote, unabadilisha namba moja tu. Wewe umeandika namba ya nyumba ya watu wanaohama leo."

Profesa alicheka. Meneja naye akacheka, kwa kuwa Profesa amecheka. Yule meneja alikuwa na tai nzuri, na ujuzi wake wote uliishia hapo.

Baada ya chakula cha mchana wakaipakia programu mahali papya. Haikupita nusu saa, pipa la tatu likachemka kwa kishindo. Mashine ilikwenda elfu mbili na mia moja, ikakuta takataka, ikaiamini kuwa ndiyo joto. Nyuzi nyekundu zikatoka zimenyong'onyea kama majani yaliyochemshwa.

"Mashine imezeeka," Profesa alinong'ona.

"Mashine imekwenda ulikoituma. Toka kwenye kiti changu."

Fundi akaandika upya kila amri ya shemeji yake, akizihesabu zote kutoka kwenye rejista ya mwanzo. Wakajaribu kwa maji matupu. Pipa la tatu likachemka tena.

Fundi akashusha miwani, akaanza kuisoma programu nzima kwenye karatasi zake za zamani, kutoka ukurasa wa kwanza. Alipofika amri ya mia tisa na sita, kidole kikasimama. Anwani kamili, isiyohesabiwa kutoka kwenye rejista, imekaa waziwazi, na mkono ulioiandika ni wake. Aliikumbuka hata siku yenyewe: alikuwa na haraka ya kuondoka. Programu haikuwahi kuhama, kwa hiyo kosa halikuwahi kumuaibisha.

Angeweza kulirekebisha kimya kimya. Hakuna mwingine chumbani humo aliyejua kusoma karatasi ile.

"Hili la sasa ni kosa langu," alisema.

"Sema tena, shemeji?"

"Umesikia."

Profesa akajipiga paja. Akamgeukia meneja, akamhubiria kirefu kuhusu unyenyekevu. Fundi alirekebisha amri ile huku akisikiliza upuuzi huo wote, na jioni pipa likatulia kwenye nyuzijoto sitini. Meneja akamshukuru Profesa kwa uongozi wake.

Kwenye korido Profesa akamfuata, sauti imeshuka. "Shemeji, hiyo rejista... unaiwekaje?"

Fundi alitamani kuendelea kutembea. Lakini alijua bwana huyu angeitwa kiwanda kingine, naye ndiye angekwenda kufagia nyuma yake.

"Toa kalamu," alisema. "Andika ninavyosema, na usinikatize."